Mtoto wa Miaka Thelathini na Tisa

Waliomkamata Pius Alhamisi ile hawakuwa na kosa kubwa, tuseme kweli. Hebu jiweke wewe. Ni mwaka themanini na tatu, msako wa nguvu kazi umepamba moto, asiye na kitambulisho cha kazi anapandishwa lori kwenda kulima. Umetumwa kusaka wazururaji. Unaingia mtaa wa Gerezani, kwenye banda la ushirika wa mafundi magodoro, saa nne ya asubuhi. Watu wanane wameinamia sindano, jasho linawatiririka, sufi imewajaa hadi kwenye kope. Na katikati ya banda, juu ya godoro jipya, kuna mwanamume mwenye ndevu amelala chali, mikono kifuani, macho kafumba, anatabasamu. Ungesemaje? Ungesema huyu ndiye niliyekuwa namtafuta.

"Huyo yuko kazini!" Bakili alipiga kelele, sindano ikamponyoka.

"Kazini?" Mgambo alicheka hadi akajishika mbavu. "Kazi ya kulala? Basi na mimi niandikisheni!"

Wakamwinua Pius, wakamwuliza kitambulisho, hana. Wakampakia. Pius hakubisha hata kidogo, maana alipenda kupanda gari, akawapungia mkono mafundi wenzake mpaka lori likakata kona.

Na jamani, ilikuwa kazi kweli. Akili ya Pius ilikuwa na mwendo wake tangu kuzaliwa. Alichelewa kutembea, alichelewa kusema, na hesabu zilimpita pembeni. Bakili, fundi wa kutoka Masasi, mwenye mdomo mrefu na moyo mweupe, ndiye aliyemtia kazini miaka minne nyuma. Mwanzoni ilikuwa balaa. Kuchambua sufi Pius aliweza, mbegu huku, sufi kule, hata kama gunia moja lilimchukua siku nzima. Kilichomshinda ni kujaza. Alijaza bila kusimama. Neno "imetosha" halikumwingia kabisa. Mara mbili mfuko ulipasuka, sufi ikatapakaa hadi barabarani, na mafundi wakaanza kunung'unika kwamba huyu atatutia hasara.

Bakili hakumgombeza. Alikaa akafikiri siku mbili tatu, halafu akamwambia: "Sikiliza, Pius. Jaza, kisha lala juu yake. Mgongo ukisikia sakafu, inuka uongeze. Mgongo usiposikia sakafu, niite." Basi. Tangu siku hiyo Pius akawa anajaza, analala, anafumba macho apate kusikia vizuri kwa mgongo, anainuka, anaongeza, analala tena. Hakuna mfuko uliopasuka. Wateja wakawa wanauliza, hili alililalia yule bwana? Ndiyo kazi yake hiyo, na ndiyo iliyomponza.

Habari zilimfikia dada yake Benedikta akiwa kantini, mwiko mkononi, anasonga ugali wa wafanyakazi sitini. Bakili alikuja mbio, shati limeloa, akasimama mlangoni anahema.

"Dada Bene, wamemchukua Pius. Yuko kule upande wa Jangwani, kwenye uwanja wa seng'enge. Malori yanaondoka saa kumi."

Benedikta aliuacha mwiko ndani ya sufuria. Aliuacha ugali uungue, na watu sitini wale wanachojua wenyewe.

"Kadi yake ya ushirika iko wapi?"

"Kadi gani, dada? Hana kadi. Si unajua mwenyewe." Bakili aliinamisha macho. "Mwenyekiti amenipa barua hii. Anasema yuko tayari kumwandika mwanachama leo hii, lakini daftari la balozi liseme kwanza kwamba Pius ni mtu mzima. Ushirika hauandiki watoto."

Hapo ndipo Benedikta alipoketi juu ya gunia la unga, kwa sababu daftari lile alilijua, na kilichoandikwa alikijua, na aliyekisema ni yeye mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mwaka sabini na mbili, mama yao alipofariki kule Peramiho, Benedikta alimchukua kaka yake wakaja Dar es Salaam. Ndiyo, kaka yake. Pius ndiye mkubwa, kamtangulia miaka sita. Lakini mama alipokuwa anakata roho alimshika binti yake mkono akasema, nakuachia mtoto. Benedikta akalibeba neno lile tangu Songea mpaka Kariakoo. Walipopata chumba Mtaa wa Mchikichi, kwa Bibi Sitara, akaja balozi wa nyumba kumi, Mzee Safari, na daftari lake kwapani. Akauliza, huyu nani? Benedikta, na miaka yake ishirini na miwili, akajibu, "Mtoto."

Mzee Safari akamtazama Pius, ndevu zote zile, ameketi kizingitini anaviringisha gololi. Akamtazama na Benedikta. Akalamba ncha ya kalamu, akaandika: *Pius, mtoto.* Hakuuliza swali la pili. Na tusimlaumu, maana neno hilo lilimfaa Pius sana. Hakuitwa mafunzo ya mgambo, hakudaiwa hiki wala kile, na msako wa mwaka sabini na sita ulipopita nyumba kwa nyumba, balozi alisimama mlangoni akasema ndani yumo mtoto tu, wakapita. Kila daftari lilipojaa, Mzee Safari alinakili upya kwenye jingine, na kila mara akaandika vilevile. Miaka kumi na mmoja, Pius mtoto. Sasa ana miaka thelathini na tisa, kidevuni mvi zimeanza kuchungulia, na wema ule wa zamani umegeuka kitanzi.

Walimkuta Mzee Safari barazani kwa Bibi Sitara, wawili hao wamemaliza chakula cha mchana, wanabishana kama kawaida yao. Benedikta alieleza yote kwa pumzi moja. Mzee alisikiliza, akawa anaikunjakunja kofia yake.

"Mwanangu, nikifuta neno pale, nimejifunga mwenyewe," alisema. "Wataniuliza, na mengine uliyoyaandika? Ubalozi nimeushika tangu enzi za TANU. Sijawahi kuitwa mwongo."

"Wee Safari!" Bibi Sitara aliruka. Alikuwa mwanamke wa Kizaramo asiyemwogopa mtu. "Mwenzio anapakiwa kwenye lori kama gunia la mkaa, wewe unalilinda jina lako? Inuka! Chukua hilo daftari lako tuondoke. Na mimi nakuja, nisikie utasema nini huko."

Tena Bibi Sitara alikuwa na haki ya kufoka. Ni yeye aliyempa Pius chumba chake mwenyewe cha uani, na kufuli lake, na ufunguo akamvika shingoni. Benedikta alipolia kwamba Pius atapotea, atajifungia, ataungua na koroboi, Bibi alimwambia mwanamume halali na dada yake hadi aote mvi, mwache. Na Bakili alipokuja kumwombea kazi, Benedikta alikataa, Bibi akakubali kwa niaba yake. Mwezi mzima Benedikta alimnyemelea Pius kwa nyuma asubuhi hadi Gerezani, amejitanda kanga usoni, mpaka wauza vitumbua wa njiani wakawa wanamcheka: nenda zako kazini, mama, huyu tunamwona sisi. Kweli walimwona. Akikosea kona, mmoja wao aliita, "Pius, siyo huko!" naye akageuka.

Saa nane na nusu walifika uwanjani. Jua kali, vumbi, watu mamia wameketi chini nyuma ya seng'enge, malori matatu yanangoja. Mbele kulikuwa na meza, na nyuma ya meza ofisa mmoja kijana, hajafika thelathini, suti ya kaunda imemganda mgongoni kwa jasho. Alikuwa na orodha ndefu na uso wa mtu ambaye hajala tangu jana.

Pius aliwaona kabla hawajamwona. Akasimama, akashika seng'enge, uso wote ukachanua.

"Shikamoo, Bene!"

"Marahaba," Benedikta aliitikia haraka, macho yake yakiwa kwa ofisa.

Walieleza. Bakili akatoa barua ya mwenyekiti, Mzee Safari akaweka daftari mezani. Ofisa akafungua, akafuata mstari kwa kidole, akasimama.

"Pius, mtoto." Akainua macho kumtazama yule aliyeshika seng'enge. "Ndugu balozi, mtoto huyu ana mvi."

Mzee Safari aliivua kofia yake.

Ofisa alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. Alivuta karatasi kutoka chini ya rundo.

"Sikilizeni, nawaonea huruma. Kuna fomu hii. Inasema mtu huyu hajiwezi kwa kazi yoyote, yuko mikononi mwa ndugu zake. Dada uweke sahihi, balozi apige mhuri, mnaondoka naye sasa hivi, na hilo daftari silioni. Lakini asionekane tena huko bandani. Akionekana kazini, fomu ni ya uongo, na mimi nitawafuata nyote."

Mzee Safari alivuta pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo. Hata Bibi Sitara akasogea kumpisha Benedikta mezani. Na Benedikta, tusifichane, aliichukua kalamu. Nani asingeichukua? Ndugu yake yuko pale, lori liko pale, na kinachotakiwa ni jina lake tu. Aliinama, akaiweka kalamu kwenye karatasi.

Halafu akaiona ile miaka saba ya kwanza. Pius kizingitini, asubuhi mpaka jioni, anawatazama watu wakienda kazini na kurudi. Akakumbuka siku ya kwanza aliyorudi kutoka Gerezani, nywele zimejaa sufi kama kazeeka ghafla. Alitaka kumpangusa, Pius akamzuia mkono. Alilala nayo hivyohivyo, kesho yake akatoka nayo, ili mtaa mzima uone alikotoka jana.

"Bene!" Pius aliita kutoka kwenye seng'enge. "Twende basi. Nimeacha godoro. Mgongo bado unasikia sakafu."

Benedikta aliweka kalamu chini.

"Siwezi kuandika hivyo, ndugu ofisa. Si kweli. Huyu anafanya kazi."

"Benedikta, mwanangu, saa kumi hiyo," alinong'ona Mzee Safari.

"Mzee, nisamehe. Ni mimi niliyekudanganya mwaka ule. Nilikwambia ni mtoto. Si mtoto. Ni kaka yangu, kanitangulia miaka sita."

Mzee Safari akavaa kofia yake, akainyoosha vizuri, akasogea mezani.

"Hukunidanganya," alisema. "Ndevu niliziona. Mtu haandiki kwa masikio, anaandika kwa mkono wake, na mkono ni wangu." Akamgeukia ofisa. "Nipe kalamu, mwanangu."

Mbele ya macho ya serikali, yule mzee ambaye hajawahi kuitwa mwongo alikata neno *mtoto* kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: *mtu mzima, fundi magodoro.* Akatia sahihi pembeni na tarehe. Benedikta alitamani kuibusu ile mikono. Baba yake mwenyewe hakuwahi kumfanyia jambo kubwa kama lile.

Lakini ofisa alikuwa amekunja uso.

"Mnanichezea, siyo? Saa nane mtoto, saa tisa fundi. Na wewe dada unasema huyu ni mkubwa wako?" Alimnyooshea kalamu. "Nimesikia kwa masikio yangu. Alipokuona alikuamkia shikamoo, na wewe ukaitikia marahaba. Wapi umeona kaka anamwamkia mdogo wake? Kama ninyi wenyewe mnamfanya mtoto, mnataka mimi nimwone mtu mzima?"

Loo! Maneno yale yaliwachapa wote. Bakili akatazama viatu vyake. Bibi Sitara akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Wema wao wote ule, chumba, kufuli, kazi, ulinzi wa wauza vitumbua njiani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwamkia Pius. Yeye ndiye aliyewaamkia wote. Alimwamkia Bakili, ambaye yeye Pius alimzidi miaka minane. Aliwaamkia wajukuu wa Bibi Sitara wanaonyonya vidole, nao wakaitikia! Miaka kumi na mmoja mtaa mzima ulipokea shikamoo ya mtu yule asubuhi na jioni, na hakuna aliyeona haya.

Benedikta aliona haya. Zilimpanda toka miguuni. Alizunguka meza, akaenda mpaka kwenye seng'enge, mbele ya watu mamia na malori matatu, akapiga goti vumbini kama walivyofunzwa nyumbani kwao kuwaamkia wakubwa.

"Shikamoo, kaka."

Pius aligeuka nyuma kuangalia nani anaamkiwa. Nyuma yake kulikuwa na kijana mmoja kalala, kofia usoni. Akamrudia dada yake, kachanganyikiwa.

"Shikamoo, kaka Pius," Bakili naye alisema, amefika kando ya Benedikta.

"Jibu, baba," alisema Bibi Sitara kwa upole ambao hakuna aliyejua anao. "Ni wewe unayeamkiwa."

Pius alisimama. Unaona neno linamzunguka kichwani, linatafuta pa kutua. Neno lenyewe alilijua, alikuwa ameambiwa mara elfu na elfu. Alichokuwa hajui ni kwamba na yeye analo. Akajinyoosha, akatanua kifua, na kwa sauti nzito ya kuburuta, sauti ya Mzee Safari mwenyewe ya barazani, akasema:

"Marahabaaa."

Watu nyuma ya seng'enge wakaangua kicheko, cha furaha, si cha dharau, na yule kijana mwenye kofia akaamka akapiga makofi bila kujua ni ya nini. Benedikta alikuwa bado kapiga goti, analia na kucheka kwa pamoja, kamasi zinamtoka, hajali.

Sijui ofisa aliona nini pale. Huenda alichoka, huenda alikuwa na kaka. Alikaa akizungusha kalamu, kisha akaandika kitu nyuma ya barua ya mwenyekiti, akagonga mhuri. Daftari la Mzee Safari akaliweka kando, akasema hili litabaki hapa, ndugu balozi, utaitwa. Mzee akaitikia kwa kichwa. Halafu ofisa akatoka nyuma ya meza na kidau cha wino, akaenda mwenyewe kwenye seng'enge, maana fomu ya kutolewa ilitaka dole gumba.

"Shikamoo, kaka," alisema, si kwa sauti kubwa. "Niletee kidole."

"Marahaba," alijibu Pius, safari hii bila kusita, akampa mkono.

Walirudi kwa miguu. Pius alikataa kwenda nyumbani, akapitia Gerezani kumaliza godoro lake, na jioni hiyohiyo mwenyekiti akamwandikia kadi. Mzee Safari aliitwa kweli, na baada ya mwezi ubalozi akapewa mtu mwingine. Hakuwahi kulalamika. Kila Ijumaa mpaka mzee alipofariki, Benedikta alimpelekea bakuli la wali wa nazi, akalifunika kitambaa cheupe, akalikabidhi kwa mikono miwili. Mzee alimwambia mara nyingi, acha mwanangu, nimekula. Hakuacha.

Lakini ninalotaka kusema ni la kesho yake, Ijumaa asubuhi. Benedikta alikuwa uani anachochea mkaa, usingizi haujamwisha, mawazo yake yapo kantini kwa ule ugali ulioungua na maneno atakayoambiwa. Akasikia kufuli la chumba cha Pius. Akangoja ile sauti ya kila siku. Kimya. Akachochea tena. Kimya. Alipogeuka, Pius alikuwa kasimama mlangoni kwake, amevaa shati la kazi, amevifunga vifungo vyote vizuri hadi shingoni, kadi mpya mfukoni. Hasemi kitu. Anamtazama tu.

"Vipi, unaumwa?" Benedikta aliuliza.

Pius alitikisa kichwa. Aliendelea kusimama, mvumilivu kabisa, kama mtu aliyefika mapema kwenye foleni na ana hakika kitu kitagawiwa.

"Bene," alisema mwishowe. "Mimi mkubwa."

Benedikta aliweka kipepeo cha mkaa chini. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mama yake aliyemwachia mtu huyu, na Bakili na mdomo wake mrefu, na Bibi Sitara aliyekuwa bado anakoroma chumba cha mbele, na mzee mmoja anayeamka asubuhi ile bila daftari. Akajifuta mikono kwenye kanga, akapiga goti palepale kwenye majivu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alisema Pius. Kisha akauliza kama chai iko tayari, maana anachelewa kazini.